Barua Haitakuja

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, barua mbili zilidondoka kupitia kitundu cha mlango wetu hapa Hjulsta. Zote mbili zilikuwa za mke wangu. Moja ilimwita akapimwe saratani ya shingo ya kizazi, imempangia siku, saa na jengo la kwenda. Ya pili ilimwita akapigwe picha ya matiti. Nikapekua karatasi zilizobaki, matangazo ya piza na ya samani, nikitafuta yangu. "Unatafuta nini?" mke wangu akauliza. Nikamwambia natafuta barua ya kuniita mimi. Akacheka, akavaa koti, akaenda kazini.

Sisi tunaishi mwisho wa reli. Treni namba 10 ya njia ya bluu ikifika Hjulsta haina pa kwenda tena. Hugeuza kichwa na kurudi mjini, na ndivyo ilivyo tangu kituo kilipofunguliwa mwaka 1975. Maghorofa yetu ni ya ule mpango wa Waswidi wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Ukitega sikio kwenye ngazi zake utakisikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Mombasa, cha Tanga, na kile cha Wasomali waliokulia Eastleigh. Wanaume wa Kiswahili hicho nawajua kwa salamu, kwa timu zao za mpira na kwa madeni yao. Kwa maradhi simjui hata mmoja, mpaka siku gari la wagonjwa linaposimama chini ya ghorofa lake.

Nimekaa nikifikiri juu ya zile barua mbili. Tangu tufike nchi hii, mke wangu hajaacha kuitwa. Mkunga wa Kiswidi, wanayemwita barnmorska, ndiye mlango wake: mimba, kitanzi, kipimo, maswali ya siri. Akiwa na jambo, anajua ofisi ipi ya kwenda na jina la mtu atakayemkuta. Mimi je? Mwanaume akishamaliza shule hapa, mfumo wa afya humsahau hadi mvi zimtoke. Sehemu nyingi za Uswidi humtumia barua ya kupima tezi dume akifika miaka 50, na akifika 65 huitwa atazamwe mshipa mkubwa wa damu wa tumboni. Kati ya hapo na ujana wake, miaka yote ya nguvu na ya upuuzi, hakuna anayemwita. Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma haya, ukingoja uitwe ndipo uende kuangalia afya yako ya uzazi, utangoja sana.

Na tatizo si posta tu. Hata barua ingekuja, wengi wetu tungeiweka juu ya friji.

Mimi nilitiwa jandoni utotoni, katika siku ambazo kumbi bado lilikuwa kumbi. Sisemi yaliyosemwa mle, lakini naweza kusema tulifundishwa mambo mawili, na yote mawili ninayo hadi leo. La kwanza lilikuwa maneno. Tulipewa majina ya viungo vyetu bila haya, tukafundishwa usafi wake, tukaambiwa mke anataka nini na mtu mzima hufanya nini. La pili lilikuwa kukaza. Kisu kikija, usilie. Ukilia umeaibisha ukoo. Kila mmoja wetu aliyepita pale, na hata aliyetahiriwa hospitalini akishikwa mkono na mjomba, alilisikia neno lile lile: jikaze.

Tulipovuka maji, la kwanza tuliliacha kule na la pili tukaja nalo. Maneno yalikuwa na mahali pake na wakati wake na wazee wake. Bila kumbi na bila kungwi, mwanaume hana wa kusema naye. Kukaza hakuhitaji mahali wala mtu. Unaweza kukaza Hjulsta, peke yako, bafuni, ukikojoa kwa maumivu huku umefungulia bomba ili mkeo asikusikie ukiguna. Sijatunga mfano huo. Aliyenisimulia alikaza wiki tatu, na wiki zote tatu aliendelea kulala na mkewe, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Naomba tulitazame hilo bila kuhukumu. Yule bwana hakuwa mjinga wala katili. Dalili za kisonono alizijua, maana aliwahi kuugua ujanani. Ila katika fahamu yake ya uanaume, kuumwa kimya kulikuwa heshima, na kusema kulikuwa kuvuliwa nguo. Wahenga walikwisha sema mficha uchi hazai, lakini methali hiyo tumeizoea kuwasomea wanawake.

Huko nyumbani angekwenda duka la dawa, angemnong'oneza muuzaji, angepewa vidonge kwa makisio. Hapa hakuna duka la namna hiyo, basi alitafuta vidonge vilivyoletwa na mtu kutoka Nairobi ndani ya sanduku la nguo, akameza vinne, maumivu yakapungua, akaviweka vingine kwa ajili ya rafiki. Hiyo ndiyo njia ya kumfundisha mdudu kuishi na dawa. Bakteria wa kisonono ni hodari kwa hilo duniani kote. Dawa zilizomuua zamani nyingi hazimuui tena. Ukimeza nusu dozi unamuua dhaifu na kumwacha mkaidi, kisha unampeleka nyumbani.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyo hapa. Klamidia, kisonono, kaswende na virusi vya Ukimwi vimo katika sheria ya Uswidi ya kuzuia maambukizi, sheria ya mwaka 2004. Kwa maradhi hayo kipimo ni bure na dawa ni bure. Anayesubiri uamuzi wa ukimbizi anapimwa. Asiye na karatasi naye ana haki hiyo, na tangu Julai 2013 ipo sheria inayompa matibabu yasiyoweza kungoja. Kwa hiyo pesa si kisingizio, wala kibali cha kuishi.

Klamidia ndiyo inayosumbua zaidi kwa sababu ni mpole. Wanaume wengi walio nayo hawahisi chochote: hakuna usaha, hakuna kuwashwa. Wanaipitisha kwa wake zao, na kwa mwanamke inaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba. Halafu miaka inapita bila mtoto, na familia inamnyooshea kidole nani? Nimekaa kwenye vikao vya ndoa ambavyo mwanamke aliitwa mgumba mbele ya watu kumi, na katika hao kumi hakuna aliyeuliza kama bwana amewahi kutoa mkojo kwenye kikombe.

Maana kwa mwanaume kipimo chenyewe ni hicho, kikombe cha mkojo. Usikojoe kwa muda wa saa moja kabla, kisha utoe mkojo wa mwanzo, ule unaotoka kwanza kabisa, maana ndio unaosafisha njia. Hakuna kijiti siku hizi. Wazee wetu waliingizwa kijiti, wakasimulia, na masimulizi hayo bado yanawazuia wajukuu wao kwenda. Ukienda siku mbili tu baada ya tukio, kipimo kinaweza kukudanganya. Klamidia ipe wiki mbili. Hata kutoka nyumbani si lazima: vifaa vya kujipima klamidia huagizwa kwenye tovuti ya 1177, vikaja kwa posta. Ikiwa unatamani sana barua, hiyo hapo, jiagizie.

Virusi vya Ukimwi havionekani kwenye mkojo; hivyo ni damu, na kipimo cha maabara huwa cha kuaminika kabisa wiki sita baada ya tukio. Ukijua leo kwamba jana ulijiweka hatarini, usingoje hizo wiki sita. Kuna dawa za dharura za kuzuia maambukizi. Lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inazipunguzia nguvu. Usiku nenda hospitali kubwa, kitengo cha dharura.

Kuna kosa moja nalisikia Dar es Salaam, nalisikia Goma, na nimelisikia hapa kwa kinyozi Tensta: mwanaume anayesema amepima kwa sababu mkewe amepima. Mke anapokuwa mjamzito huchukuliwa damu kliniki, majibu yanatoka safi, na mume anayatia mfukoni kama yake. Majibu ya mke si majibu yako. Wapo wenza ambao mmoja anavyo virusi na mwenziwe hana, na wanaweza kuishi hivyo miaka. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 na 2023 ulikuta virusi kwa watu wazima 4.4 katika kila 100, na kila siku wanaume ndio wanaochelewa zaidi kujijua. Si kwamba wanawake wana ujasiri kutuzidi. Wao kliniki huwadaka njiani; sisi hakuna njia tunayopita. Ni ile habari ya barua tena.

Ipo barua moja tu inayoweza kumfikia mwanaume wa miaka 35 hapa Hjulsta kuhusu jambo hili, na haimfurahishi. Mtu akikutwa na klamidia, kisonono, kaswende au virusi, sheria inamtaka awataje aliolala nao, nao hutafutwa. Waswidi huita kazi hiyo smittspårning. Barua inayokuja husema kwamba huenda umeambukizwa na unatakiwa ukapimwe. Haisemi nani amekutaja. Namjua mmoja aliyeipokea akaichana, kisha akamshambulia mkewe kwa maneno, akidai ndiye aliyemtaja. Mke hakuwa na habari. Barua ile ilitoka upande mwingine kabisa, na sasa mke akawa nayo habari. Ukiipokea, usiichane wala usifanye upelelezi. Nenda. Na ukiwa wewe ndiye unayeulizwa majina, yataje. Jina lako hawataliona, nao watapona.

Najua unachoogopa, kwa sababu nilikiogopa. Unaogopa kwamba majibu yatafika Migrationsverket, idara ya uhamiaji, na kibali kitakwama. Hayapelekwi huko. Uswidi haimpimi mtu virusi ndipo impe kibali, na taarifa ya maradhi haya ikipelekwa kwa mamlaka ya afya ya taifa hupelekwa kwa namba ya siri, si kwa jina lako. Unaogopa kwamba mwajiri atajua. Daktari na muuguzi wamefungwa na sheria ya kutunza siri. Hofu iliyo ya kweli ni ya tatu: mkalimani.

Wanaozungumza Kiswahili Stockholm ni wachache na wakalimani wao ni wachache zaidi. Unaweza kuingia chumbani ukakuta aliyekaa kitini ni shemeji wa jirani yako. Mimi yalinikuta. Nilifika kwenye kituo kimoja na shida ya kukojoa, mlango ukafunguka, nikakutana na mama mmoja tunayesali naye Idi. Nikasema nina kikohozi. Tukazungumza kikohozi dakika ishirini, nikaandikiwa dawa ya kikohozi, nikatoka. Leo nacheka. Siku ile nilirudi nyumbani na kikohozi cha uongo na mkojo wa moto.

Fanya hivi. Unapochukua miadi, omba mkalimani wa simu, na omba awe mwanaume ikiwa ndivyo utakavyosema kwa uhuru. Mkalimani wa simu anaweza kuwa Malmö au Göteborg, na hana haja ya kujua jina lako. Anayo siri ya kazi kama ya daktari, lakini simu hukuondolea hata wasiwasi. Usimchukue mkeo akakutafsirie, na nakuomba sana usimchukue mtoto. Nimemwona mvulana wa miaka 11 akitafsiri uume wa baba yake mbele ya daktari. Hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyestahili siku hiyo.

Pa kwenda ni wapi? Kituo cha afya cha mtaa, vårdcentral, kinatosha kuanzia. Namba ya simu 1177 inajibiwa usiku na mchana, nayo itakuelekeza. Kuna pia kliniki za wanaume tu, ziitwazo mansmottagning. Uliza iliyo karibu nawe. Watu wanaopata haya kukaa ukumbini pamoja na majirani wao wachukue treni waende mjini, RFSU, shirika la elimu ya jinsia, wana kliniki yao huko. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1933 na Elise Ottesen-Jensen, mwanamke aliyezunguka nchi hii akisema hadharani mambo ambayo watu wa wakati wake hawakuyasema hata chumbani. Waswidi hawakuzaliwa wakijua kuyasema haya. Walibishana, wakafungana, wakafundishana.

Na sisi tuna wetu. Vijana wa hapa hawamjui Philly Lutaaya, na ningependa wamjue, kwa sababu alikuwa jirani yetu. Mwanamuziki huyu wa Uganda alihamia Uswidi miaka ya 1980 na albamu yake Born in Africa aliirekodi hapa. Mwaka 1989 alirudi kwao akatangaza mbele ya watu kwamba ana Ukimwi. Alikuwa Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo. Fikiria mwaka huo: hakuna dawa za kumwokoa, Kagera watu walikuwa wakiuita ugonjwa Juliana ili wasiutaje, na anayeugua alifichwa chumba cha nyuma. Mwanaume kijana, mzuri, maarufu, mpendwa wa wanawake, akasimama akasema ni mimi. Waganda wengi hawakumwamini. Walisema anatafuta pesa, anataka kuuza kanda. Yaani ilikuwa rahisi kwao kuamini kwamba mwanaume anaweza kujisingizia kifo kuliko kuamini kwamba mwanaume anaweza kusema kweli juu ya mwili wake. Akazunguka shule na makanisa akizungumza mpaka nguvu zikamwishia, akafariki Desemba mwaka huo huo, umri wake 38.

Mimi nikisikia mtu anasema mwanaume kamili, huyo ndiye namfikiria.

Angekuwa hai leo angemeza kidonge kimoja kwa siku. Tangu 1996 dawa za mchanganyiko zimeugeuza ugonjwa ule, na anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani. Anaoa, anazaa mtoto asiye na virusi. Hapa Uswidi wanaishi zaidi ya watu 8,000 wenye virusi, wengi wao wakiwa kazini asubuhi hii. Shirika la Noaks Ark hapa Stockholm liko tangu miaka ile ya 1980, na mtu aliyepata majibu jana anaweza kuzungumza nao leo. Neno moja kwa wachungaji na masheikhe wetu, nalisema kwa heshima: mwombeeni mgonjwa, msomeeni dua, lakini msimwambie aache vidonge.

Tuje kwenye lile linalozungumzwa kwa kinyozi kwa kicheko kirefu, nguvu za kiume. Kila safari ya nyumbani inarudi na mzigo wake: alkasusu kutoka Unguja, mkuyati, na lile vumbi la Kongo ambalo Wakongo wenyewe hunishangaa nikiwauliza. Supu ya pweza siigusi. Ni chakula, ni kitamu, na iwapo inakusaidia kwa imani basi kunywa. Nina ugomvi na vile vidonge vya buluu visivyo na karatasi ya daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati akivimeza, shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla akafa. Na unga usio na jina huenda umetiwa dawa hiyo hiyo bila kukwambia.

Lakini jambo kubwa ni hili. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo. Mishipa ikianza kuziba kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au sigara, huko chini ndiko kunakolegea kwanza, na moyo hufuata miaka kadhaa baadaye. Mwanaume wa miaka 45 anayeshindwa usiku hajarogwa, na mara nyingi mkewe hajapoteza mvuto. Mwili umempigia kengele. Akinywa dawa ya kuinyamazisha kengele bila kuangalia moto uko wapi, amejiua taratibu. Nenda kituo cha afya useme neno hilo hilo lililokuleta, wakupime sukari, shinikizo, mafuta ya damu na homoni. Mirungi nayo, ambayo Uswidi imeipiga marufuku tangu 1989 na bado naona majani yake chini ya mabenchi, haimsaidii mtu kitandani kama inavyosifiwa.

Mengine hayako kwenye mishipa. Mwalimu wa Lubumbashi anayefagia treni, fundi wa Mombasa anayepokea posho ya ustawi wa jamii huku mkewe akipokea mshahara: hawa wanaingia kitandani na aibu yao ya mchana. Baadhi hujitibu kwa kutafuta mwanamke wa nje atakayewaita bosi. Siwatetei. Nasema tu kwamba anayetaka kuelewa mwenendo wa wanaume wetu aanzie kwenye karatasi ya mshahara, kisha aje kwenye shuka.

Kuhusu wanawake wa kununuliwa, ujue sheria. Tangu Januari 1999 Uswidi humwadhibu anayenunua, si anayeuza. Na kuhusu mke wako mwenyewe, nchi hii ilikwisha amua mwaka 1965 kwamba mume anaweza kumbaka mkewe. Tangu Julai 2018 sheria inataka ridhaa: aliye nawe awe ameshiriki kwa hiari yake. Neno ridhaa si geni kwetu, tunalijua tangu kwenye nikahi. Ila kwetu kimya cha bibi harusi kilihesabiwa kuwa ndiyo, na wengi wetu tuliendelea kukihesabu hivyo miaka ishirini baada ya harusi. Sheria ya hapa hairidhiki na kimya. Uliza. Mwanzoni ulimi utakuwa mzito, na mkeo anaweza kukucheka kama wangu alivyonicheka. Baada ya kicheko kile, kwangu mimi, yalifuata mazungumzo ambayo hatukuwahi kuwa nayo tangu Tanga. Niliyoyasikia mengine hayakunipendeza.

Watoto wa kiume. Shule za Uswidi zinafundisha elimu ya jinsia kwa lazima tangu 1955, nchi ya kwanza duniani, kwa hiyo mwanao anajua mengi kuliko unavyodhani, na anayajua kwa Kiswidi. Wewe unayajua kwa Kiswahili na hujamwambia. Katikati ya lugha hizo mbili anajaza na video za simu. Jando la kumtoa kwenye hayo ni wewe, kwenye gari, mkitazama mbele, dakika tano tano. Mweleze kuna ungdomsmottagning, kliniki ya vijana, ambako kondomu na vipimo ni bure na mzazi hahitajiki. Akiwa darasa la tano utaletewa karatasi ya kuridhia chanjo ya HPV, ambayo wavulana wanaipata tangu 2020. Itie sahihi. Kirusi hicho huwapa wanawake saratani ya shingo ya kizazi, na wanaume huwapa ya koo na ya uume.

Kama hajatahiriwa na unataka atahiriwe, sheria ya 2001 inaruhusu, lakini mtoto aliyepita miezi miwili hutahiriwa na daktari tu, kwa ganzi, wazazi wote wawili wakiafiki. Usimpeleke sebuleni kwa mtu anayepita na mkoba. Na ukiwa unadhani kutahiriwa kwako ni kinga, majaribio ya Kisumu, Rakai na Afrika Kusini, ambayo matokeo yake yalilifanya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza tohara mwaka 2007, yalionyesha inapunguza hatari ya mwanaume kupata virusi kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Asilimia 40 iliyobaki ndiyo ya kondomu.

Kwa upande wangu, baada ya kile kikohozi nilijikokota miezi miwili, kisha nikaenda kituo kingine nikiwa na kikaratasi. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitasema tena kikohozi, basi niliandika nyumbani, nikakisukuma chini ya kioo cha mapokezi bila kusema lolote. Binti aliyekuwa pale alikisoma, akaniangalia usoni kama anavyomwangalia mtu aliyekuja na jino, akabofya kompyuta, akanipa saa tisa alasiri. Ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, vidonge vya siku kadhaa, na walipopima damu wakakuta sukari imepanda, jambo ambalo sikulijua na nisingelijua.

Kikaratasi kilikuwa na sentensi mbili za Kiswidi. Ya pili inaomba mkalimani wa Kiswahili, wa simu. Ya kwanza, yangu ilitaja mkojo; wewe weka ya kuomba kupimwa. Zinakili zilivyo, hata kwenye mgongo wa tangazo la piza:

Jag vill testa mig.
Jag behöver tolk på swahili, på telefon.